Dume Mwenye Karatasi Safi

Jike wa mbwa aliyetupa mimba kwa bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaoshambulia uzazi, mara nyingi utamkuta amesimama mlangoni mwa kizimba, mkia unacheza, anasubiri bakuli lake. Hana homa, hajalegea, manyoya yanang'aa. Ukichelewa kidogo hukuti hata ushahidi, kwa sababu majike wengi huila ile mimba pamoja na kondo lake, na kinachobaki ni unyevunyevu wa kahawia uliogandia chini ya mkia. Basi kwenye faili inaandikwa kwamba hakushika. Banda linaweza kwenda hivyo muda mrefu sana, watu wanabadilisha chakula, wanabadilisha vitamini, na ugonjwa unazunguka.

Mimi niliujulia Iowa, Marekani, nilikokuwa nahudumia mbwa kwenye banda la kuzalisha na kuuza. Ni mzaliwa wa Hai, Kilimanjaro. Kwetu mbwa alikuwa mlinzi wa usiku anayeishi kwa makombo, na hakuna aliyejua tarehe yake ya kuzaliwa. Huko nikakuta mbwa wana mafaili. Kila jike ana tarehe ya kuingia joto, tarehe ya kupandishwa, jina la dume, majibu ya altrasaundi, na uzito wa kila mtoto kwa gramu, tunaopima kwa mizani ileile wanayotumia watu kupimia unga wa keki. Walikuwa mbwa wadogo wa kupakatwa, Cavalier na Shih Tzu na machotara ya pudo. Mtoto mmoja akiuzwa analipa kodi ya nyumba ya mwezi, na wakati mwingine chenji inabaki.

Wenzangu wengi kazini walikuwa Wakongo. Iowa ina Wakongo wengi, Des Moines, Cedar Rapids, Iowa City, kiasi kwamba mtu anaweza kupitisha siku nzima kwa Kiswahili, mradi akubali kusahihishwa kwa lafudhi ya Bukavu. Chumba cha kuzalia kilikuwa chini ya mzee mmoja aliyefuga ng'ombe kwenye milima ya juu ya Uvira kabla vita haijamtoa. Sote tulimwita Papa. Hakuwa na cheti chochote cha mifugo, lakini mwenye banda alikuwa haamui jambo kubwa kabla hajamwuliza.

Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Kwenye wiki ya nne daktari anapitisha kifaa cha altrasaundi tumboni na unaona mioyo midogo ikipigapiga kwenye skrini, hapo ndipo tunaandika jike ana watoto wangapi. Siku za mwisho tunampima joto asubuhi na jioni, likishuka chini ya nyuzi 37.2 tunajua ndani ya siku moja ataingia kwenye uchungu, basi taa ya joto inawashwa na mtu analala hapohapo. Kila kitu kina siku yake. Ndiyo maana majike walipoanza kutupa mimba tuliona haraka kwamba wote wanatupa kwenye kipindi kimoja, baada ya siku ya 45 na kabla ya siku ya 60. Wa kwanza iliitwa bahati mbaya. Wa pili alikuwa na umri kidogo, ikasemwa ni uzee.

Wa tatu nilimkuta mimi mwenyewe kabla hajamaliza kusafisha. Mtoto mmoja alikuwa bado ndani ya mfuko wake, urefu wa kidole, kucha zimeshaota. Ngozi ilikuwa imelegea na kupoteza rangi, inachubuka ukiigusa kwa glavu, ya kiumbe kilichokufa tumboni siku kadhaa kabla ya kutoka. Maji yaliyokizunguka yalikuwa ya kijivu yenye ukijani. Mama yake ananiangalia tu, masikio yamesimama, kama mtu anayesubiri umpishe aendelee na kazi yake. Nilimwita Papa. Akachuchumaa, akaangalia bila kugusa.

"Hii haiko bahati mbaya, mwanangu," alisema. "Kwetu ngombe zikitupa mimba tatu, tunaita munganga."

Mwenye banda alimwita daktari, ndiyo, lakini mazungumzo ya siku zile yalikuwa juu ya majike. Homoni za majike. Umri wa majike. Labda majike wamenenepa mno. Waliambiwa wapimwe projesteroni, homoni inayoshikilia mimba, wakapimwa. Nilisikiliza yale mazungumzo nikiwa nafagia, nikawa nacheka peke yangu, maana nimeyasikia nyumbani tangu utoto: mke akikawia kushika mimba atazungushwa kwa kila daktari na kila mganga, na mume hata kikojoleo chake hakijawahi kuonwa na mtu. Kumbe hata kwa mbwa.

Kulikuwa na dume. Mwekundu, mzuri wa kupiga picha, mpole hata kwa wageni. Alinunuliwa kutoka kwa mfugaji mwingine na alikuja na karatasi ya maabara inayosema damu yake haina bruselosi. Majike wote waliotupa mimba walikuwa wamepandwa naye, lakini mbona na wengine ambao hawakushika kabisa walikuwa wake pia, na mbona wawili walizaa salama? Hilo la mwisho ndilo lililomlinda muda mrefu. Aliyepandwa na dume mgonjwa si lazima atupe mimba. Anaweza kuzaa watoto wazima kwa macho, mmoja akafa usiku wa kwanza, mwingine akawa mnyonge, waliobaki wakakua vizuri na kuuzwa wakiwa wamebeba vijidudu kwenye damu.

Dume huyo alikuwa na tabia ya kujilamba pumbu mpaka ngozi inachunika. Akaandikiwa dawa ya kupaka, yakaisha, yakarudi. Ukimtazama kwa nyuma ungeona upande mmoja umejaa kuliko mwingine, na baada ya muda ule uliojaa ukaanza kusinyaa, ukawa mgumu. Leo naweza kukueleza kwa nini. Vijidudu hivi vinapenda mrija uliojiviringa juu ya korodani, pale mbegu zinapokomalia, na tezi ya prosteti. Mrija unavimba, unauma, mbwa analamba. Korodani yenyewe inaharibika polepole kwa sababu mwili unaanza kuzishambulia mbegu zake kama kitu kigeni.

Daktari alipomkinga mbegu aliniita nichungulie kwenye hadubini. Nilikuwa nimeshaona mbegu za mbwa mzima: zinakwenda mbele zote, haraka, unapoteza ile uliyokuwa unaifuata. Za huyu zilikuwa zimegandana vichwa kwa vichwa kwenye vifurushi, mikia inatikisika nje bila kwenda popote. Nyingine zina mkia uliojikunja kwenye shingo, nyingine ni vichwa vitupu. Daktari alinieleza kwamba kwa dume aliyeambukizwa uharibifu huanza kuonekana kama wiki 5 baada ya maambukizi, na kufika wiki ya 20 zaidi ya asilimia 90 ya mbegu zinaweza kuwa mbovu. Nikaona mwenye banda amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hasemi.

Basi ile karatasi?

Karatasi ilikuwa ya kweli. Hapa ndipo penye somo ambalo nimelirudia kwa watu wengi kuliko jingine lolote. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili unatengeneza baada ya kuingiliwa. Kwa ugonjwa huu mwili unachelewa. Kingamwili zinaweza kuchukua wiki 8 hadi 12 kufikia kiwango cha kuonekana kwenye kipimo. Vijidudu vyenyewe vinaingia kwenye damu mapema, ndani ya wiki chache tu. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mbwa anaambukiza na maabara inamsifu. Dume aliyepanda jike mgonjwa mwezi wa kwanza, akatolewa damu mwezi wa pili, anauzwa mwezi wa tatu na karatasi safi. Hakuna aliyeghushi kitu.

Na mambo hayaishii hapo. Kuna kipimo cha haraka cha matone mawili kwenye kioo, serumu ya mbwa, yaani maji ya damu yake, na antijeni, yaani kitu ambacho kingamwili hukishika, unatikisa na kuangalia kama vinaganda. Kikisema hakuna, na muda umepita wa kutosha, unaweza kukiamini. Kikisema upo, usikimbilie sindano ya kuua, kwa sababu kinadanganyika na bakteria wengine wasiohusika kabisa. Inabidi kuthibitisha: kipimo kingine cha damu chenye uhakika zaidi, au kuotesha damu maabara kuona kama bakteria watakua, au PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kijidudu chenyewe. Kuotesha ndiko kunakomaliza ubishi kikiota kitu, ila kisipoota bado huna uhakika, kwa sababu baada ya miezi ya mwanzo vijidudu huingia na kutoka kwenye damu vikijificha ndani ya seli za mwili. Kuna mbwa waliokutwa navyo kwenye damu miaka mitano baada ya kuambukizwa. Na mbwa aliyepewa antibayotiki wiki iliyopita kwa sababu ya kidonda cha mguu anaweza kuonekana msafi kwa muda.

Wakati tunasubiri majibu nilisoma sana, usiku, kwenye simu. Ugonjwa wa ukoo huu ni wa zamani: David Bruce aliona kijidudu chake cha kwanza Malta mwaka 1887 kwa askari waliokufa kwa homa, na jina limebaki la kwake. Lakini huu wa mbwa ulijulikana juzi tu. Mwaka 1966, Leland Carmichael wa Chuo Kikuu cha Cornell alikuwa anachunguza kwa nini mbwa aina ya beagle kwenye mabanda ya Marekani wanatupa mimba kwa wingi, akampata bakteria ambaye hakuwa akijulikana, akaitwa Brucella canis. Na Iowa yenyewe ilikuwa na historia. Mei 2019 Idara ya Kilimo ya jimbo ilitangaza kwamba umeonekana kwenye banda la mbwa wadogo katika kaunti ya Marion, na mbwa waliokwisha kuuzwa wakawa wanafuatiliwa hadi majumbani kwa watu. Sisi hatukuwa wa kwanza na mwenye banda alijua hivyo. Hakutaka tu kuwa wa pili.

Majibu yalipothibitika, banda likawekwa karantini. Hakuna mbwa kutoka, hakuna kuingia, hakuna kupandisha. Ugonjwa huu hauna chanjo kwa mbwa. Dawa zipo, doksisaiklini kwa wiki nyingi pamoja na jentamaisini au streptomaisini, na mtu mwenye mbwa mmoja wa nyumbani anaweza kukubaliana na daktari amhasi, amtibu, ampime mara kwa mara maisha yake yote, asimruhusu kukutana na mbwa wengine. Hata hapo hakuna anayeweza kuahidi kwamba amepona, kwa sababu kijidudu kinachoishi ndani ya seli dawa hazikifikii vizuri, na kuacha dawa mara nyingi ni kukiita kirudi. Kwenye banda lenye mbwa wengi njia iliyokubalika ni kupima wote kila mwezi, kumtoa kila aliyethibitika, na kuendelea mpaka kundi zima litoke safi mara kadhaa mfululizo. Kumtoa maana yake kumuua. Wataalamu wanatumia neno la upole. Sisi tulioshika miguu ya mbele wakati sindano inaingia hatukulihitaji.

Mmoja alikuwa jike tuliyempa jina la Mama Yao. Maziwa yake yalikuwa hayakauki na alinyonyesha watoto wa yeyote. Mtoto aliyekataliwa na mama yake unamsogeza kwake, anamnusa, anamlamba tumbo, basi. Fikiria sasa maziwa yale kwa macho ya mtu anayejua kwamba kijidudu hupita kwenye maziwa pia. Kwenye ramani aliyochora daktari ukutani, mishale ilikuwa inaingia kwake na kutoka kwake kuliko kwa mbwa yeyote isipokuwa yule dume. Alikuwa na miaka minne, meno meupe, hajawahi kutupa mimba hata moja.

Sikuwa mtu wa kulia kwa ajili ya mbwa. Siku ile nililia, na Papa akanipa kitambaa chake bila kusema lolote, kisha akaenda kumalizia kuosha.

Kuosha nako kuna akili yake. Watu wakisikia bakteria wanachukua mpira wenye kasi na kumwagia ukuta. Ni hatari, kwa sababu maji ya kasi yanarusha vijitone hewani na unavuta puani kile unachokiondoa. Kijidudu hiki huingia kwa mdomo, pua, macho, si kwa kupandana peke yake. Tulitoa kwanza uchafu wote kwa mikono yenye glavu, matandiko yakachomwa, kisha sabuni na brashi, kisha maji ya klorini yaliyochanganywa kwa kipimo na kuachwa yakae kabla ya kusuuza. Klorini juu ya damu au kinyesi haifanyi kazi. Inaishia kwenye uchafu. Kwenye jua na ukavu bakteria huyu hana maisha marefu, lakini kwenye pembe yenye unyevu na kivuli anadumu, na mabanda ya Iowa majira ya baridi ni pembe tupu. Mikojo ya madume ndiyo iliyotusumbua zaidi. Dume anabeba vijidudu kwenye prosteti na mkojo unavitoa, naye anainua mguu kwenye wavu, na upande wa pili wa wavu kuna jike ananusa. Vizimba vilivyotenganishwa kwa wavu mtupu vilikuwa kama chumba kimoja.

Kuhusu sisi wanadamu, nilichojifunza ni kwamba ugonjwa unaweza kumpata mtu, ingawa si mara nyingi, na wanaopaswa kujihadhari hasa ni wajawazito, watoto wadogo, wenye kinga dhaifu, na wanaoshika mimba zilizotoka na kondo. Binti mmoja wa Bukavu aliyekuwa mjamzito alihamishwa ofisini siku ileile daktari aliposema neno bruselosi, kabla hata majibu hayajarudi, na hilo naliheshimu mpaka leo. Mjini New York mwaka 2012 mtoto wa miaka mitatu alipata homa na shida ya kupumua, damu yake ikaotesha Brucella canis, na kitoto cha mbwa kilichonunuliwa dukani kikakutwa na kijidudu hichohicho. Hata wafanyakazi wa maabara waliooteshea sampuli ile bila kujua ni nini wakahesabiwa kuwa wamejiweka hatarini.

Papa alipoanza kutoka jasho usiku na kuumwa viungo, nilimpeleka mimi. Yeye alikuwa ameshaamua ni malaria, kwa mazoea ya nyumbani, japo miaka mingi ilikuwa imepita tangu aumwe na mbu wa Kongo. Daktari wa hospitali alikuwa kijana mwenye haraka. Nikamwambia kazi tunayofanya na nini kimethibitika kwa mbwa, akasema sawa, ataagiza kipimo cha bruselosi. Hapo ikabidi nikazane, mwanamke mweusi mwenye lafudhi mbele ya daktari: kipimo cha kawaida cha damu ya binadamu kimetengenezwa kwa bruselosi ya ng'ombe na mbuzi, na hii ya mbwa ina ngozi tofauti, haina ile sehemu ya nje ambayo kipimo kinaitafuta. Kinaweza kusema hakuna na mtu anaumwa. Inatakiwa damu ioteshwe, na maabara iambiwe mapema inachotafuta ili wajikinge. Alinitazama, akatoka, akarudi na mkubwa wake. Damu ilioteshwa. Ikawa ni nimonia, akatibiwa, akapona, na alinitania mpaka mwisho wa mwaka kwamba nilimtia kwenye kundi la mbwa.

Nyumbani ndiko mazungumzo haya yalikopata maana nyingine. Mdogo wangu mmoja, mtoto wa baba mdogo, yuko Kibaha, anafuga German Shepherd na kuwauzia watu wa Goba na Mbezi wanaotaka ulinzi wa kutisha. Alinipigia usiku wa kwetu, asubuhi ya kwao.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kuna nini?"

Jike wake alikuwa ametupa mimba. Ameshampima bruselosi, akaniambia kwa fahari, na majibu yametoka safi. Nikamwuliza kipimo gani. Kile cha rangi ya waridi wanachopimia ng'ombe. Nikamwambia mdogo wangu, hicho hakijakwambia unachofikiri. Kipimo kile kina antijeni ya bruselosi ya ng'ombe, na kwa sababu ileile niliyomweleza daktari wa Papa, hakiwezi kuiona ya mbwa. Lakini si bure kabisa. Mbwa anaweza kupata bruselosi ya ng'ombe au ya mbuzi vilevile, kwa kula kondo la nyuma na mimba zilizotupwa, na hiyo kipimo kinaweza kuishika. Kwetu Hai ng'ombe akizaa, kondo linatupwa nyuma ya migomba na mbwa wameshakaa foleni. Ng'ombe akitupa mimba ni vivyo hivyo, na hapo ndipo mbwa, maziwa mabichi na mtoto anayecheza na mbwa wanakutana. Kuchimba shimo refu na kufukia, na kumfunga mbwa siku ng'ombe anazaa, kunagharimu jasho tu. Baba hakuwahi kufanya hivyo, wala jirani yake yeyote.

Nikamwambia pia asiharakishe kumbandika mbwa wake ugonjwa huu. Jike anaweza kutupa mimba kwa virusi vya hapesi vya mbwa, kwa bakteria wa kawaida wa uchafu, kwa kupungukiwa homoni, kwa ndorobo, kwa magonjwa ya kupe ambayo Kibaha hayakosekani. Dalili zinazopaswa kumshtua ni mpangilio: mimba kutoka mwishoni mwishoni, jike akiwa mzima, ute ukaendelea kwa wiki kadhaa, na zaidi ya jike mmoja waliopandwa na dume mmoja. Au mbwa wa umri mdogo anayeanza kuumwa mgongo bila kuumia, kwa sababu kijidudu hupenda pia pingili za uti wa mgongo, au jicho linalokuwa na ukungu na wekundu upande mmoja.

"Dume ni wa nani?" nikamwuliza.

Kimya kidogo. Dume ni wa kukodi. Anatembezwa kutoka Tegeta mpaka Chalinze, malipo ni pesa taslimu au mtoto mmoja wa kuchagua, na mwenyewe anasifiwa kwa vikombe vya maonyesho. Amepimwa? Ana cheti cha kichaa cha mbwa. Nikacheka tena, safari hii kwa sauti.

Tulikubaliana mambo ya kufanya. Jike akae peke yake, chakula chake na chombo chake, mtu mmoja wa kumhudumia, glavu, na watoto wa nyumbani wasimsogelee. Akitupa tena, mimba isitupwe jalalani. Ifungwe kwenye mifuko miwili na kupelekwa kwa daktari wa mifugo ikiwa baridi, kwa sababu sampuli nzuri kuliko zote ni ile ambayo watu huona kinyaa kuichukua. Daktari aulize maabara waziwazi kama wanaweza kupima ya mbwa au kuituma kwingine. Yeye mwenyewe ana dume kijana aliyekuwa anataka kuanza kumpandisha. Huyo naye atengwe, atolewe damu sasa, atolewe tena baada ya wiki kadhaa, na asiguse jike yeyote katikati. Mbwa yeyote mpya afuate njia hiyohiyo, apimwe mara mbili akiwa ametengwa, hata kama muuzaji ni shemeji.

Hilo la mwisho ndilo lililomkera. Aliniambia hakuna mfugaji Dar atakayekubali kusubiri miezi miwili kwa ajili ya dume, kwamba nimekaa Ulaya muda mrefu. Nikamwambia Iowa si Ulaya. Akasema ni kulekule.

Alimpigia mwenye dume wa Tegeta na kumwomba ampime. Mwenye dume akamwuliza kama anamtukana. Siku mbili baadaye kwenye kundi la wafugaji la WhatsApp kukatokea ujumbe, bila kutaja jina, kuhusu watu wenye majike mabovu wanaotafuta mtu wa kumsingizia, na watu kadhaa wakauwekea dole gumba. Mdogo wangu alinitumia picha ya huo ujumbe na emoji ya kucheka, ila najua ulimuuma, kwa sababu wateja wake wako mlemle.

Damu ya kwanza ya dume wake kijana imeshatolewa na imetumwa nje ya nchi kwa gharama ambayo hajanitajia. Ametengewa banda nyuma ya nyumba, ameukata ule wavu na kujenga ukuta wa tofali nne kwenda juu, na jirani mwenye jike wa Labrador anapiga simu kila wiki kuuliza lini atafunguliwa.